Noti Kuukuu za Wakati wa Vita

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hiyo hutajwa sana dukani na sokoni, lakini yawafaa pia watu wakusanyao vitu vya kale. Mtu aweza kuwa na kasha lililojaa noti na sarafu za zamani, na asiwe na habari ya hata moja. Akiulizwa noti hii ilitoka wapi, hajui. Ilikuwa mkononi mwa nani, hajui. Ilipatikana kwa kazi gani, hajui. Mtu huyo ana karatasi, lakini hana ukumbusho.

Katika nyumba za wazee wa Tarime na Serengeti, kama katika nyumba nyingi za Tanzania, huenda vikaonekana vitu vya namna hiyo ndani ya kasha: rupia yenye sura ya Kaisari wa Ujerumani, hela nyeusi ya shaba, au kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne na kuandikwa maneno ya Kijerumani. Kijana akikiona hukipima kwa mojawapo ya fikira mbili. Ama hudhani kwamba ni takataka, akakitupa motoni. Ama hudhani kwamba ni utajiri mkubwa, akaanza kumtafuta mnunuzi. Fikira zote mbili ni kosa. Noti ya wakati wa vita si takataka, wala si utajiri. Ni shahidi, na shahidi asiyeulizwa neno hamfai mtu.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kujua kwanza jinsi noti hizo zilivyopata kuwako.

Kabla ya mwaka 1914, Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walikuwa wakitawala Tanganyika. Fedha yao ilikuwa rupia. Tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa kwa heller 100, na watu wakalitamka neno hilo kwa ndimi zao, likawa hela. Utawala wa Wadachi ulikwisha, rupia zao zikakoma, lakini neno halikukoma. Mtoto wa Mugumu atumwapo dukani leo, akaambiwa achukue hela, hutaja sarafu ya Wadachi pasipo kujua.

Rupia yenyewe ilikuwa ya fedha halisi, na uzito wake ulipita gramu 11. Noti zilikuwako pia, za benki iliyokuwa na ofisi yake Dar es Salaam, lakini zilipigwa chapa Ujerumani, zikaja kwa meli. Basi vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Waingereza zilizuia njia ya bahari. Meli za mizigo hazikuweza kufika, na rupia mpya hazikuja. Na watu walipoona vita, walifanya kama watu wafanyavyo penye hatari: walizificha rupia za fedha. Fedha ikapungua sokoni, hali serikali ilikuwa na askari wa kulipa na chakula cha kununua.

Ndipo Wadachi walipoamua kupiga noti humu humu nchini. Ya kwanza iliandikwa tarehe 15 Machi 1915, nayo ilikuwa ya rupia 20. Zikafuata nyingine za rupia 1, 5, 10, 50 na 200. Ziliitwa noti za muda, maana zilikusudiwa kutumika mpaka vita viishe. Zilipigwa chapa Dar es Salaam, kisha Tabora, kwa karatasi ya namna yo yote iliyopatikana, na nyingi zilitiwa sahihi kwa mkono, moja moja. Katika mwaka 1916, huko Tabora, mafundi wa karakana ya reli walifanya pia hela 5 na hela 20 za shaba. Tena walifanya sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Sarafu hizo za dhahabu zilipita elfu kumi na sita.

Julai 1916 Waingereza waliingia Mwanza. Septemba mwaka huo huo Dar es Salaam ikatekwa na Waingereza, na Tabora ikatekwa na Wabelgiji. Wadachi wakarudi nyuma kusini, wakiwa hawana tena mji wala mtambo wa kupigia chapa. Hata hivyo waliendelea kufanya noti. Walichukua herufi ndogo za mpira, zile za kuchezea watoto, wakazipiga wino na kuzigandamiza juu ya karatasi. Noti hizo zina tarehe 1 Julai 1917, nazo huitwa noti za porini. Dola iliyokuwa imeagiza noti zake kwa marikebu ikawa sasa yazifanya kwa mchezo wa mtoto. Mtu akitaka kujua jinsi vita vinavyoweza kushusha enzi, aziangalie noti hizo. Hahitaji maelezo mengi.

Wala jambo la namna hii halikutokea Tanganyika peke yake. Mwaka 1884, mji wa Khartoum ulipozingirwa, Gordon aliyeutawala alitoa noti zake, akizitia sahihi mwenyewe. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, noti za namna hiyo zilitolewa katika mji wa Mafeking mwaka 1900, na vita vilipokwisha watu wengi hawakuzirudisha benki. Walizitunza ziwe ukumbusho wa taabu waliyoipata. Hata katika vita vikuu vya pili, sarafu zilipokuwa haba, shilingi moja ya karatasi ilitolewa Afrika ya Mashariki mwaka 1943. Kila mahali vita hufanya kazi hiyo moja: huondoa madini mkononi mwa watu, na kuweka karatasi mahali pake.

Sasa fikira igeuke kwenye nchi ya Mara. Vita hivyo vya kwanza havikuwa habari ya mbali kwa watu wa huko. Septemba 1914 askari wa Wadachi walivuka mpaka wakaingia Kisii, wakapigana na Waingereza, kisha wakarudi. Mwaka 1917 kikosi cha Wadachi kilichoongozwa na Naumann, kilichokuwa kimetengana na jeshi lao kuu, kilifika Ikoma kikalishika boma, na Wabelgiji wakaja kupigana nacho hapo. Magofu ya boma hilo yako katika Wilaya ya Serengeti. Majeshi yote hayo yalihitaji watu wa kuchukua mizigo, kwa maana penye mbung'o ng'ombe na punda hufa, na motokaa hazikuwa na njia. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu mengi kutoka kila upande wa nchi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana, wala jina katika daftari lo lote.

Hapo ndipo ilipo maana kubwa ya noti za vita. Juu ya noti hiyo benki iliandika kwamba itamlipa mtu ye yote atakayeileta, bila kuuliza yeye ni nani. Ilikuwa ahadi. Mzee aliyeipokea aliuza mbuzi wake au nguvu za mabega yake, akapewa ahadi. Vita vilipokwisha, mtoa ahadi hakuwako tena. Serikali mpya haikuzikubali noti zile kuwa fedha. Bodi ya fedha ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1919, na baada ya miaka michache shilingi ikaanza kutumika. Mwenye rupia ya fedha alikuwa bado na madini yake. Mwenye noti alikuwa na karatasi. Mkurya aliyeweka mali yake katika ng'ombe alipata maziwa na ndama hata katika miaka ya vita, kama maradhi hayakuingia zizini. Lakini noti haizai, na haikamuliwi.

Mfano ufuatao waonyesha faida ya kuuliza. Mjukuu amefungua kasha la babu yake, ameona karatasi kuukuu. Mjukuu asiye na adabu huichukua kimya kimya akaenda nayo sokoni. Mwenye adabu huenda kwa babu, akasema:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, karatasi hii ni ya nini?"

"Ilikuwa ya baba yangu. Alichukua mizigo ya Wadachi mpaka Tabora. Aliporudi nayo, hapana aliyeipokea."

"Mbona basi hakuitupa?"

"Alisema, siku watakapouliza kama nilikwenda, nitawaonyesha hii."

Maneno hayo machache yana thamani kuliko noti yenyewe. Noti bila maneno hayo yafanana na maelfu ya noti nyingine. Pamoja na maneno hayo ni hati ya mtu mmoja aliyekwenda safari, akarudi na deni lisilolipwa. Na kama mjukuu hakuyaandika siku ile, babu akifa maneno yamekufa naye, na noti imekuwa bubu.

Husimuliwa vitabuni habari moja ya Mwanza, nayo yahusu jambo hili. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliazimu kuwalipa askari wazee wa vita vile mishahara yao iliyobaki. Ofisi ikafunguliwa Mwanza, na wazee kiasi cha 350 wakakusanyika. Wachache tu walikuwa na cheti walichopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo zao za askari, na wengine hawakuwa na kitu. Basi mtu wa benki akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Inasemekana hapana hata mmoja aliyeshindwa.

Habari hiyo huwachekesha wasikilizaji, lakini ina funzo zito. Siku ile mwili uliweza kushuhudia pasipo karatasi, kwa sababu wenye mwili walikuwa hai. Leo wazee wale wote wamekwisha kufa, na hapana wa kupewa ufagio. Tena malipo yale yalikuwa ya askari, mpagazi hakuitwa. Ushahidi uliobaki ni vitu walivyoacha na maneno waliyowaambia watoto wao. Kwa hiyo kuzikusanya noti hizo pamoja na habari zake si mchezo wa watu wasio na kazi. Ni kuwatendea haki watu ambao hawakutendewa haki walipokuwa hai.

Wako watu wanaopinga. Husema, noti hizo ni za watawala wageni, tena za vita ambavyo havikuwa vya Waafrika. Za nini kutunza aibu? Neno hilo lina nguvu, na haifai kulidharau. Ni kweli, ugomvi ulikuwa wa Wazungu. Lakini mabega yaliyochukua mizigo yalikuwa ya Waafrika, na mikono iliyozipokea noti hizo ilikuwa yao pia. Sura iliyochapwa juu ya karatasi ni tai wa Wadachi; alama ya vidole iliyochakaza pembe zake ni ya mkulima na mfugaji. Anayeitupa noti haiondoi aibu ya mtawala, bali amesaidia kuificha.

Wengine hukusudia kukusanya, lakini kwa tamaa. Wako wazungukao vijijini wakiuliza rupia na noti za Mjerumani, wakiahidi mamilioni. Huyu hudai kwamba rupia fulani ina nguvu za ajabu. Yule hutaka kwanza apewe fedha ya safari, ya dawa au ya kumleta mnunuzi. Mwenye akili na ajiulize: kama kitu hiki chaleta mamilioni, mbona mtu huyu anaanza kwa kuniomba shilingi zangu? Ukweli ni kwamba noti za rupia moja za mwaka 1915 na 1916 zilipigwa chapa kwa wingi, na nyingi zimebaki duniani. Kwa sababu hiyo bei yake kwa wakusanyaji si kubwa. Noti kubwa, kama ile ya rupia 200, ni adimu, na bei yake ni kubwa zaidi. Lakini hata hiyo hainunuliwi kwa uganga wala kwa siri ya usiku.

Vibaya zaidi ni wale wachimbao katika maboma ya kale wakitafuta mali iliyofichwa na Wadachi. Aghalabu hawapati kitu ila mawe na jasho. Lakini wakiisha kuchimba, ukuta umeanguka, na kilichokuwa ardhini kimetengwa na mahali pake. Mtu akitia jembe katika gofu kama lile la Ikoma, amechana ukurasa wa kitabu ambacho watu wa Serengeti hawana nakala yake ya pili.

Basi kukusanya kunakofaa ni kupi? Kwanza ni kuuliza kwa heshima na kuomba ruhusa. Kitu cha ukoo kikae mikononi mwa ukoo, isipokuwa wenyewe wakipenda kukitoa. Pili ni kuandika. Daftari ya shule yenye kurasa chache yatosha. Iandikwe noti ni ya rupia ngapi, ina tarehe gani, namba gani na sahihi ngapi. Ilikuwa ya nani, naye aliipata wapi na kwa kazi gani. Nani amesimulia habari hiyo, na siku gani. Yasiyojulikana yasibuniwe, bali nafasi iachwe wazi. Habari ya uongo katika daftari ni mbaya kuliko noti ya bandia, maana noti ya bandia humdanganya mnunuzi mmoja, na uongo ulioandikwa huwadanganya wajukuu wote.

Tatu ni kuitunza karatasi yenyewe. Isikunjwe tena palipokunjwa, kwa maana hapo ndipo inapokatika. Isifuliwe, isipigwe pasi, isitiwe gundi wala utepe wa kunata. Ishikwe kwa mikono mikavu na safi, ikae katika bahasha safi, mbali na jua, moshi wa jikoni, panya na mchwa. Methali husema akiba haiozi, lakini karatasi huoza upesi katika nyumba yenye unyevu.

Nne ni kuonyeshana. Noti iliyofungiwa sandukuni daima haifundishi mtu. Shule zaweza kuwaalika wazee waje na vitu vyao, wasimulie mbele ya wanafunzi, kisha warudi navyo nyumbani. Wakati mwingine wanafunzi wapelekwe Butiama, kwenye jumba la makumbusho la Mwalimu Nyerere, ambalo limo mkoani mwao, wajionee jinsi vitu vya mtu mmoja vinavyowekwa kwa utaratibu na kupewa maelezo. Wakirudi, watajua kwamba kazi hiyo hiyo yaweza kufanywa kwa kasha la babu.

Ahadi iliyoandikwa juu ya noti za vita haikutimizwa, wala haitatimizwa. Hapana benki itakayofungua dirisha lake kwa ajili yake. Lakini liko deni moja ambalo mtoto wa Tarime au Serengeti aweza kulilipa pasipo fedha: kumsikiliza mzee, kuandika jina la yule aliyeipokea noti ile, na kulisoma jina hilo kwa sauti mbele ya wenzake. Mpagazi aliyesema kwamba ataonyesha karatasi yake siku watakapomwuliza, alikufa akingoja swali. Na liulizwe sasa, angali yuko wa kulijibu.